Furka, Grimsel na Susten kwa motohomu: mlima unapandwa na injini, unashukwa na uzito

Wanaofikiria kukodi motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani, na kuipeleka milima ya Alpi upande wa Uswisi karibu wote huanza na swali moja: itapanda? Itapanda. Motohomu nyingi za kukodi Ulaya zimejengwa juu ya chesisi ya Fiat Ducato au ndugu zake, injini ya dizeli ya lita 2.2 yenye tabo na nguvu farasi 140 hivi, na barabara kuu za milima ya Uswisi zimechorwa ili basi la posta lipite. Mwinuko mkali kwenye njia za mlimani tutakazozitaja, Furka, Grimsel na Susten, ni asilimia 9 hadi 11. Gia ya pili, gia ya tatu, uvumilivu kidogo, umefika. Swali la kuuliza kabla ya kulipia ni namna gari lile, likiwa na vitanda, jiko, choo, tangi la maji na familia nzima ndani, litakavyoshuka.

Chukua mteremko wa kutoka kilele cha Grimsel, mita 2,164 juu ya usawa wa bahari, hadi kijiji cha Innertkirchen kilicho mita 625. Ni mita 1,539 za kwenda chini ndani ya kilomita 26 hivi. Gari la kilo 3,500 likishuka kimo hicho linaachia nishati ya takriban megajuli 53, na nishati hiyo lazima iishie mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo na tairi, sehemu inachukuliwa na injini endapo umeipa kazi hiyo, na yote inayobaki inakuwa joto kwenye breki. Megajuli 53 zinatosha kuchemsha lita 140 za maji yaliyotoka bombani yakiwa na nyuzi 10. Piga picha ya masufuria ya pilau la arusi yamepangwa mstari, na moto wa kuyachemsha yote unatoka kwenye magurudumu yako manne.

Ndiyo maana tunaanza na mzani.

Kilo 3,500 zinaisha upesi

Leseni ya daraja B inakuruhusu gari lenye uzito wa juu wa kilo 3,500, na karibu motohomu zote za kukodi zimesajiliwa kwenye kikomo hicho hicho ili watu wengi waweze kuziendesha. Tatizo ni kwamba gari lenyewe limeshakula sehemu kubwa. Tuseme karatasi za gari zinasema uzito likiwa tayari kwa safari ni kilo 3,050. Humo tayari amehesabiwa dereva wa kilo 75, mafuta na gesi. Zimebaki kilo 450. Abiria watatu wa kilo 75 kila mmoja: zimebaki 225. Kibebeo cha baiskeli na baiskeli mbili za umeme, kilo 65: zimebaki 160. Nguo, matandiko, vyombo na chakula, kilo 25 kwa kila mtu, wote wanne: zimebaki 60. Sasa maji. Tangi ni la lita 100, lakini watengenezaji wengi huhesabu lita 20 tu kwenye ule uzito wa karatasi. Ukilijaza umeongeza kilo 80, na hapo umepitiliza kwa kilo 20 kabla hujabeba viti vya nje wala mchele.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama: panda mlima na lita 20 au 30 za maji, jaza ukifika. Vijiji vya Uswisi vina chemchemi za mawe zinazotiririka mchana na usiku, na maji yake hunywewa isipokuwa pameandikwa "kein Trinkwasser", yaani si maji ya kunywa. Na kabla ya kujaza maji safi, mwaga maji machafu kwenye kituo chake. Kuna watu wanaozunguka Alpi na matangi yote mawili yamejaa, yaani wanabeba maji ya kuogea ya kesho pamoja na ya jana.

Mahali unapoweka mzigo ni muhimu kama kiasi chake. Ducato ya motohomu kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, na nyuma ya ekseli ya pili kuna mkia mrefu unaoweza kuzidi mita 2, mara nyingi wenye stoo kubwa inayokukaribisha utupie kila kitu. Ukiweka boksi la kilo 60 mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli ni mita 4, ekseli ya nyuma haibebi kilo 60. Inabeba 90, kwa sababu boksi hilo limeinua mbele kwa kilo 30. Kwenye mwinuko uzito unazidi kurudi nyuma. Matokeo yake utayaona kwenye kona ya kupanda yenye lami iliyolowa: tairi za mbele zinazunguka bure, na usukani unakuwa mwepesi isivyo kawaida. Kwa hiyo maji ya chupa, vyakula vya kopo na sanduku la vifaa vikae chini, katikati ya ekseli mbili. Stoo ya nyuma iachie viti, turubai na midoli.

Usikisie. Pima gari likiwa na watu ndani, kwanza ekseli moja moja, kisha lote. Machimbo mengi ya kokoto na vituo vya ukaguzi wa magari vina mizani na malipo ni madogo.

Upepo wa tairi

Tairi za motohomu zimeandikwa CP pembeni na hujazwa upepo mwingi kuliko dereva wa gari dogo anavyotegemea: nyuma mara nyingi bar 5.5. Fuata kibandiko cha mlango, pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukipima tena juu mlimani utakuta geji imepanda, kwani hewa ya nje imepungua nguvu na tairi imepata joto la safari. Usitoe upepo. Ukishuka na tairi iliyopunguzwa, ubavu wake unajikunja kwenye kila kona na unachemka. Angalia pia tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kukodi linaweza kuwa na ua nzuri kabisa za tairi na mpira uliozeeka. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, kataa hapo hapo ofisini, si baadaye kwa simu.

Kushuka

Madereva waliojifunzia kwenye mteremko wa Kitonga, au wanaoijua Mai Mahiu, wanasemaga mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, ila injini za kisasa zinapanda kwa gia kubwa kuliko inayofaa kushukia. Ulipopanda kwa gia ya tatu, mara nyingi utashuka kwa gia ya pili.

Gia inachaguliwa kileleni, kabla pua ya gari haijainama. Shusha hadi mwendo wa kilomita 40 kwa saa, achia pedali zote, sikiliza. Mwendo ukibaki ulipo au ukiongezeka polepole sana, gia ni sahihi. Mwendo ukipanda haraka, gia ni kubwa. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu, punguza, ingiza gia ya chini yake. Injini itapiga kelele, mshale utasimama kwenye mizunguko 3,000 au 3,500 kwa dakika, na abiria watakuuliza kama kuna kitu kimeharibika. Hakuna. Mradi mshale uko chini ya eneo jekundu, kelele hiyo ndiyo breki ya bure uliyopewa na mtengenezaji. Gari la gia otomatiki liweke kwenye hali ya mkono, kwa sababu likijiachia litapandisha gia na kukuacha na pedali peke yake.

Kuna wanaoweka fri kwenye mteremko ili kubana mafuta. Kwenye dizeli ya kisasa hata hesabu yake haikubali. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hufunga dizeli kabisa na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri, injini inahitaji dizeli ili isizime. Unalipa zaidi na umetupa breki ya injini.

Breki yenyewe ikanyagwe kwa vipindi: mwendo ukifika 50, kanyaga kwa nguvu ushuke hadi 35, kisha achia kabisa. Mara nyingi hili huelezwa kana kwamba vipindi vinapunguza joto. Joto la mlima ni lile lile, mlima haujapungua. Faida iko kwingine. Mguu unaokaa juu ya pedali muda wote unazisahau pedi zikisugua diski, na dereva haelewi amechoma kiasi gani. Mguu unaotoka na kurudi unapima pedali kila mara, na utahisi mabadiliko mapema.

Mabadiliko hayo ni ya aina mbili, na ni vizuri kuyatofautisha. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui, pedi zimepita joto lake na hazishiki tena. Utasikia harufu kali, kama ya klachi iliyoungua. Pedali ikiwa laini na kuzama kuelekea sakafuni, mafuta ya breki yamechemka na ndani ya mabomba kuna mvuke, na mvuke unaminyika. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yananyonya unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka, na yakishanyonya, kiwango cha chini cha kuchemka kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Unapopokea gari la kukodi, hilo ndilo swali la kumuuliza mhusika: mafuta ya breki yamebadilishwa lini? Watu wanauliza habari za televisheni.

Ukisikia harufu au pedali ikibadilika, ingia maegesho ya kwanza utakayoyaona. Acha gari kwenye gia (rivasi, kama pua inatazama chini), weka kabari kwenye magurudumu, zungusha usukani ili gari likijiachia liende upande wa mlima na si bondeni. Handibreki usiivute kwa nguvu wakati diski zina moto mkali, na usikae umekanyaga pedali, maana pedi zitaichoma diski sehemu moja. Usimwagie maji, chuma kilicho moto kikimwagiwa maji baridi hupinda au kupasuka. Subiri nusu saa. Chai ipo nyuma, jiko lipo, hakuna gari linalosubiri kwa raha kama hili.

Kona na wanaokuja mbele

Aliyejifunzia Tanzania, Kenya au Uganda ameketi kulia na kuendesha kushoto. Uswisi ni kinyume, kama Rwanda, Burundi na Kongo. Barabara iliyonyooka unaizoea ndani ya saa moja. Kona kali, zile unazogeuka hadi ukaangalia ulikotoka, zinachukua muda zaidi. Ukipanda, kona ya kushoto ndiyo rafiki yako: unapita upande wa nje, pana na tambarare kiasi. Kona ya kulia ndiyo kazi, kwani unapita ndani, ambako lami inainuka ghafla na nafasi ni finyu. Kabla hujaifikia, tazama juu kupitia dirishani: barabara iko juu ya kichwa chako, utaona kinachokuja. Kama ni wazi, ingia ukiwa umejisogeza kushoto, chelewa kukata, kata usukani wote. Kama si wazi, subiri chini ya kona. Mkia wa gari unatupwa nje upande wa pili wa unakokata, kwa hiyo kioo cha kushoto kina kazi kubwa kama cha kulia. Gari lina upana wa mita 2.3, ukijumlisha vioo ni karibu mita 2.7.

Gari la gia za roboti, lile la klachi ya kawaida inayokanyagwa na mashine, usilishikilie mlimani kwa kugusagusa mafuta. Simama kwa breki, kisha ondoka kwa uamuzi. Vinginevyo klachi inachemka, taa inawaka, na umezuia barabara.

Sheria ya kupishana ni hii: kwenye barabara nyembamba ya mlima anayeshuka ndiye anayesimama mapema, na ikibidi mmoja arudi nyuma ni yeye, isipokuwa anayepanda yuko karibu zaidi na sehemu ya kupishania. Magari mazito yana haki mbele ya mepesi, na basi mbele ya lori. Ukiona kibao cha bluu chenye tarumbeta ya njano, uko kwenye barabara ya posta ya mlimani, na hapo dereva wa basi la njano anaweza kukuelekeza cha kufanya nawe unatii. Basi hilo hupiga honi ya sauti tatu kabla ya kona zisizoonekana. Sauti zenyewe zimetoka kwenye muziki wa mtunzi Rossini. Ukiisikia, simama kabla ya kona. Usijaribu kuiwahi.

Jingine dogo. Kwetu kuwasha taa mara mbili kumjulisha anayekuja kwamba mbele kuna tochi ni ungwana wa barabarani. Uswisi ni kosa, na programu za simu zinazotaja kamera za mwendo nazo hazikubaliki. Zima kipengele hicho kabla ya mpaka. Mwendo wa kawaida nje ya miji ni kilomita 80 kwa saa, ndani ya miji 50, na taa za mbele huwashwa hata mchana.

Kwa barabara kuu za magari ya kasi utahitaji vinyeti, stika ya faranga 40 inayonunuliwa pia kwa intaneti tangu 2023. Ukikamatwa bila hiyo ni faranga 200 pamoja na bei yake. Gari lililosajiliwa zaidi ya kilo 3,500 halinunui stika, linalipa kodi ya magari mazito kwa siku.

Baridi, gesi na maji

Joto hushuka kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Bondeni nyuzi 25, juu ya Furka nyuzi 12 mchana, na usiku wa anga safi inaweza kukaribia sifuri hata Agosti. Hapo aina ya gesi inakuwa na maana. Butani inaacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri. Mtungi unakuwa na kilo tele na jiko haliwaki. Propani inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mitungi ya Ujerumani ya kilo 11 kwa kawaida ni propani, lakini kumbuka kwamba haibadilishwi Uswisi. Viunganishi ni tofauti. Hita ya kilowati 6 ikiwaka kwa nguvu zote inakula karibu nusu kilo kwa saa, maana yake mtungi mzima unaisha kwa saa 23 za moto kamili. Haiwaki hivyo usiku kucha, lakini ukilala juu siku tatu mfululizo utaona tofauti. Bondeni mtungi huo huo unapikia wiki kadhaa.

Usipashe gari joto kwa jiko la kupikia, na mkaa ndani ya motohomu usiuwaze kabisa. Matundu ya hewa yaliyo sakafuni na darini yasizibwe kwa nguo eti kwa sababu baridi inapita humo. Yamewekwa ili usiamke ukiwa maiti kwa kaboni monoksaidi.

Friji za gesi zina tabia mbili zinazowashangaza wageni. Kwanza hazina pampu: amonia ndani yake inatembea kwa mvuto wa dunia, hivyo gari likilala upande, friji haigandishi. Panda juu ya kabari za plastiki hadi bilauri ya maji juu ya meza ikae sawa. Pili, juu ya mita 1,000 hewa nyembamba inaweza kuufanya moto wake ushindwe kuwaka. Jaribu mara tatu. Ikikataa tumia umeme wa kambi. Haijaharibika, ikirudi bondeni inawaka.

Halafu kuna siri ndogo inayowaamsha watu saa kumi alfajiri: maji yanamwagika chini ya gari. Tangi la maji ya moto lina vali ya kuzuia kuganda. Joto la pale lilipo likishuka karibu na nyuzi 3 vali inajifungua na kumwaga lita 10 zote nje. Asubuhi pampu inalalamika na bomba halitoi kitu. Kwenye aina nyingi vali haikubali kufungwa hadi pale ilipo pafike nyuzi 7. Washa hita, fungua milango ya makabati yaliyo karibu nayo, ngoja, kisha ibonyeze au izungushe ifunge, ndipo uwashe pampu.

Mapishi: kwenye mita 2,000 maji yanachemka yakiwa na nyuzi 93. Watu wa Njombe na Limuru wanajua maana yake. Maharage makavu yatakunywa gesi mchana kutwa na bado yatalia chini ya meno. Yachemshe nyumbani au beba presha kuka. Mchele uongezee maji na dakika. Ugali hausumbui. Mtindi na pakiti za krispi zilizofungwa bondeni zitavimba kabatini, na kopo la mtindi likifunguliwa huko juu hurusha kwa furaha.

Duara lenyewe

Njia tatu hizi zinaunganika kuwa duara la kilomita 120 hivi: Andermatt, Furka, Gletsch, Grimsel, Innertkirchen, Susten, Wassen, kisha juu tena hadi Andermatt kupitia korongo la Schöllenen. Kwa kawaida zinafunguliwa Juni na kufungwa Oktoba au mwanzo wa Novemba, theluji ikitaka. Chini ya kila mlima kuna ubao unaotaja jina la njia na hali yake: "offen" ni wazi, "geschlossen" imefungwa. Uamini ubao kuliko ramani ya simu. Na chagua Septemba kama una hiari: magari machache, pikipiki chache.

Lizungukie duara kuelekea magharibi kwanza, yaani Furka ndiyo ya kuanza. Sababu ni upande wa Realp. Baada ya kona za mwanzo barabara inakuwa nyembamba, haina mstari katikati, na ukingo wake sehemu nyingine ni mawe yaliyosimikwa tu. Ukipanda kuelekea magharibi, sehemu ndefu ya hapo unakuwa upande wa mlima na bonde liko kwa wanaokuja mbele. Pita kabla ya saa tatu asubuhi, mabasi ya watalii yakiwa bado kwenye kahawa. Kama kuna ukungu mzito, acha: treni inayobeba magari inatoka Realp hadi Oberwald kupitia handaki la kilomita 15.4 lililofunguliwa 1982. Uliza kimo kinachoruhusiwa kabla ya kupanga foleni, na lijue la kwako, mita 2.9 si sawa na mita 3.1.

Kilele cha Furka ni mita 2,429. Upande wa pili barabara inashuka mita 672 hadi Gletsch, ikipita kando ya hoteli ya Belvédère iliyofungwa na mabaki ya barafu ya Rhone, ambako kila kiangazi hutandazwa mablanketi meupe kuichelewesha isiyeyuke. Kutoka Gletsch unaziona kona za Grimsel zote ukutani mbele yako, kama mtu aliyezianika. Zinatisha kwa macho, ila barabara ni pana kuliko Furka na kilele kiko kilomita 6 tu.

Kisha ule mteremko wa megajuli 53. Mabwawa ya umeme juu, Handegg, Guttannen, hadi Innertkirchen. Simama angalau mara moja katikati hata kama hakuna harufu. Lala Innertkirchen au Meiringen, kuna kambi kadhaa. Usilale kwenye maegesho ya kileleni bila kusoma vibao, maana hakuna sheria moja ya nchi nzima. Kila kantoni (jimbo) na halmashauri ina yake, na duara hili linapita kantoni tatu: Uri, Valais na Bern. Choo cha kaseti, chenye tangi la kuchomoa, kimwagwe kambini. Kwa watu wanne kinajaa kwa siku mbili au tatu. Jaza dizeli hapa.

Susten ya siku ya pili ndiyo barabara bora kati ya tatu. Ilijengwa 1938 hadi 1945, pana, kona zake zinahesabika, mita 1,600 za kupanda kutoka Innertkirchen hadi handaki fupi la kileleni kwenye mita 2,224. Mteremko wa kuelekea Wassen ni mrefu na umenyooka kiasi cha kukudanganya. Hapo ndipo watu hupandisha gia. Baki kwenye ya tatu, au ya pili kama mwendo unakuponyoka. Ukitoka chini kwenye bonde la Reuss jihadhari na foehn, upepo mkavu wa kusini unaopiga huko Uri kwa nguvu. Ubavu wa gari lako ni tanga.

Ukifika Wassen, simama. Zunguka gari, weka kiganja sentimita 10 kutoka kila gurudumu bila kugusa, linganisha kushoto na kulia. Za mbele zote mbili zinatakiwa zitoe joto linalofanana, na za nyuma vivyo hivyo. Moja ikiwa kali kuliko pacha wake, kalipa (kibanio cha pedi za breki) imekwama au handibreki haiachii vizuri. Piga simu kwa mwenye gari ukiwa hapo hapo, na kipande cha mwisho cha kupanda Andermatt kiahirishe hadi fundi aje.